Bunduki Aliyoiacha Mwalimu Bonifasi

Kwako mwanangu Atija,

Sikuulizi hali, maana nakusikia hapa nyuma ya ukuta ukigombana na mama yako juu ya sufuria. Yeye anataka uibebe, wewe unasema bwenini watu hupikiwa. Ichukue tu. Mama yako akishaamua jambo la chombo cha jikoni, hata Mreno asingemshinda. Na mengine ya safari, namna ya kufunga mzigo, ya kuishika guia yako, hiyo karatasi ya ruhusa ya safari, mkononi usije ukazuiliwa njiani, ya kutokula kwa mtu usiyemjua, amekwisha kukuambia mara tatu. Mimi huko sina la kuongeza.

Naandikia hapa juu ya cherehani. Nimeisukuma pembeni suruali ya mteja, akija atangoja. Adhuhuri imepita, nami nataka nimalize kabla ya magharibi nikupe barua hii mkononi, uisome leo mwanga ungalipo. Usiisome kesho ndani ya gari, wala usiitunze hadi Nampula. Huko itakuwa imechelewa.

Ni habari ya Mwalimu Bonifasi.

Najua umekunja uso. Mimi ndiye niliyekufundisha kuukunja kwa jina hilo, kwa hiyo nivumilie.

Wiki mbili zilizopita ulikuwa mkutanoni, umekaa mbele na wasichana wenzako. Brigada ya uchaguzi ilikuja na orodha ya wanaotakiwa kuingia baraza la wilaya, na kama ilivyo desturi mpya tangu tupate uhuru, kila mmoja alipandishwa juu ya sanduku, maisha yake yakasomwa, halafu watu wakaulizwa nani ana neno. Mwenye doa anashushwa. Bonifasi alipanda, na yule bwana wa brigada akasoma kwamba amezaliwa bara, kwenye nyanda za juu, amesomeshwa na mapadre, ameingia vitani mapema, amefundisha watoto porini. Mzee mmoja akauliza kuhusu barua alizowaandikia askari wa adui. Bonifasi akajibu kwamba aliwaandikia warudi kwao, na kwamba angeandika tena. Watu wakanong'ona, lakini niliona nyuso zao. Walimtaka.

Ndipo nikasimama na mguu wangu huu. Nikasema, "Mimi nilikuwa naye kikosi kimoja. Nilimwona kwa macho yangu akiiacha bunduki yake porini, akaondoka."

Alinitazama usoni, akautazama mguu wangu, kisha akashuka kwenye sanduku bila kujibu. Bi Tekla, yule mwenye jicho moja unayemtekea maji, akapiga kelele kwamba basi apandishwe fundi Abudu, aliyepigwa risasi akiwa zamuni. Watu wakapiga makofi. Wewe ulisimama kabisa, ukapiga makofi ukinitazama kama hujawahi kunitazama. Sasa jina langu ndilo liko kwenye orodha, na Jumamosi brigada inarudi kulithibitisha.

Tangu siku hiyo unazunguka kwa njia ya mashamba ya muhogo usipite mlangoni kwa Bonifasi. Lile daftari lake la jalada la bluu, alilokupa ulipofaulu, ulilirudisha ukaliacha kizingitini kwake. Nilikuona. Nikwambie kweli, mwanangu, nilifurahi. Nilishona siku nzima nikipiga mluzi, mpaka mama yako akaniuliza kama nimeokota kitu.

Haya. Sasa nakurudisha porini.

Tulikimbia pwani ukiwa bado unabebwa mgongoni, tukakaa upande wa Nhica, karibu na mto Rovuma. Mama yako aliwekwa kwenye kikosi cha wachukuzi, wale wanawake waliobeba mizigo ya vita kichwani kutoka mtoni hadi bara ya Pundanhar. Mimi niliwekwa kwenye ulinzi, na Bonifasi alikuwa kikosi changu. Hakuwa mtu wa kutazamwa mara mbili. Mfupi, meno yana pengo, miguu ya kuku. Lakini akifungua mdomo, watu wenye njaa ya siku mbili wanacheka wakishika mbavu. Mimi unanijua. Mimi maneno yangu huhesabiwa, na mengi ni ya kuuliza nani kachukua mkasi.

Jioni moja mwenzetu akanitania, "Abudu, nke wako leo kachekeshwa na Bonifasi mpaka katua nzigo."

Basi. Ni hilo tu, mtu amecheka. Lakini tangu tuhame kwetu mama yako alikuwa hajacheka mbele yangu hata siku moja, na mimi nilidhani ni vita vimemkausha. Kumbe kicheko anacho, ila si changu. Nikalala na kicheko hicho, nikaamka nacho. Nikawa namchunguza Bonifasi anavyokula, anavyofunga mkanda. Fundi cherehani jicho lake limezoea kutafuta tundu kwenye nguo ya mtu, na mwenye wivu ni fundi zaidi.

Siku ya tatu zamu ilikuwa yangu, kwenye kivuko cha kijito ambako njia ya Wareno hukutana na njia ya wachukuzi. Nilikuwa peke yangu, mwenzangu ana homa. Sheria ya ulinzi ilikuwa moja: huondoki, hata siafu wakupande. Nikasikia wanawake wanaimba kwa mbali, wanafika mahali pao pa kupumzika, mwendo mfupi tu kutoka pale nilipo. Bonifasi hakuwa na zamu asubuhi ile. Nikajiambia, sasa hivi yuko naye.

Nikaondoka.

Nilinyatia mpaka kwenye kichuguu kikubwa, nikajibanza nyuma yake na bunduki yangu shingoni, kumpeleleza mke wangu. Nilichokiona ndicho hiki. Mama yako amekaa peke yake anajikanda shingo. Bonifasi yuko upande wa pili kabisa, amechutama, anamsokotea Bi Tekla ngata mpya kwa majani, kwa kuwa ya zamani ilikuwa inamchubua kichwa. Hamtazami mama yako, wala mama yako hamtazami. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Ningegeuka wakati ule ule nikarudi kwenye kivuko, huenda yote yasingekuwa. Sikugeuka. Nilibaki, nikasema ngoja kidogo, labda atamtazama.

Tropa, askari wa Mreno, walipita pale pale nilipopaswa kuwapo.

Wanawake walitawanyika, mizigo ikabaki. Mungu alituhurumia hakufa mtu, lakini risasi ilipasua jiwe na kipande kikamwingia Bi Tekla jichoni. Mimi nilikuwa nakimbia kurudi kwenye kivuko, nijifanye nilikuwapo, wakanipiga pajani kabla sijafika mbali na kichuguu.

Aliyenikuta ni Bonifasi. Tropa walikuwa wamesogea mbele, wanachoma mizigo, tunasikia sauti zao.

"Abudu, wafanya nini hapa? Zamu yako kijitoni."

Nilikuwa na maumivu, sikuweza kutunga uongo. Nikamwambia, "Nimekuja kumtazama nke wangu."

"Kumtazama na nani?"

"Na weye."

Halafu akatikisa kichwa akasema, "Ntu mzima weye," kama anavyokaripiwa aliyemwaga uji. Akavua bunduki yake, akaisukuma ndani ya tundu la kichuguu, akaifunika kwa nyasi.

Nikamuuliza, "Yako waiacha?"

"Ntu na bunduki mbili sitaweza, mgongo ninao mmoja. Na nlinzi lazima akutwe na bunduki."

Sikuelewa mpaka tulipofika. Hakunipeleka kambini. Alinibeba akanirudisha kwenye kivuko, akanilaza kifudifudi nyuma ya gogo langu, akaniwekea bunduki yangu mikononi, mtutu ukitazama njia. Akaniambia, "Watakukuta hapa. Ulikuwa hapa. Umesikia, Abudu? Ulikuwa hapa." Kisha akakimbia kuita watu. Aliporudi kwenye kichuguu, bunduki yake haikuwapo, tropa walikuwa wameiona.

Hivyo ndivyo zilivyozaliwa habari mbili unazozijua wewe na kijiji kizima. Abudu alipigwa risasi akiwa zamuni. Bonifasi aliiacha bunduki yake porini.

Mlinzi aliyetoroka zamu ili kuchungulia mke, na mchukuzi akapoteza jicho, vita ile isingemhurumia, na Bonifasi alijua. Kamanda alimuuliza bunduki iko wapi, akasema ameiacha. Akaulizwa kwa nini, akasema ameiacha. Walimfunga siku saba, wakamnyang'anya mkanda, wakamtia kwenye kikosi cha wachukuzi, mwanamume peke yake kati ya wanawake arobaini na kitu, akabeba mizigo kichwani. Mimi nilikuwa nimelala kwenye kibanda cha wagonjwa nikinyweshwa uji, makamarada wakija kunishika mkono. Na mama yako akaja na asali. Nilimtazama akinilisha, nikawaza kwamba huyu sasa kila siku anatembea njia moja na Bonifasi. Mimi ndiye niliyempeleka huko. Cheka, una haki.

Ni wakati ule ndipo alipoanza maneno yake juu ya vita, na hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu mkutanoni yalisemwa vibaya. Hakusema tusipigane na Mreno. Alisema, mbele ya kamanda mwenyewe, siku ya mkutano wa kambi, "Bunduki yangu ilipopotea watu waliitafuta wiki nzima. Jicho la Tekla nani alilitafuta?" Akasema vita inayosahau kuhesabu macho itakuja kutula na sisi. Tangu hapo akaanza kuandika. Karatasi za shule, kwa Kireno cha mapadre, anazichomeka kwenye fimbo iliyopasuliwa kichwa, kama wazee wetu walivyotuma barua, anasimamisha fimbo kando ya njia ya doria. Alinisomea moja. Ilisema: Wewe umetoka kwa mkulima, mimi pia. Kwenye vita hii hakukutuma mama yako. Rudi kwake, sisi hatutakupiga ukienda. Tulimcheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote.

Halafu akaja mmoja. Kijana wa Kireno, pua imebabuka kwa jua, mikono juu, karatasi katikati ya vidole, anauliza mwalimu yuko wapi. Baadhi yetu tulitaka kumpiga. Bonifasi alisimama mbele yake na kusema atakayempiga huyu ampige yeye kwanza. Mimi nilikuwa na bunduki miaka mingi, mwanangu, na bunduki yangu haikuwahi kumleta mtu yeyote. Yeye alimleta mmoja kwa karatasi. Usiku nilipofumba macho niliona ile karatasi.

Na wewe? Wewe ulikuwa na miaka saba. Alikuwa ameshaanzisha shule, ubao ni kifuniko cha sanduku la risasi, chaki ni muhogo mkavu. Njaa ikizidi mlikuwa mnaila chaki, naye anajifanya haoni. Ulirudi jioni ukiwa umejaa Mwalimu: Mwalimu amesema, Mwalimu anaweza, Mwalimu hajui kuogelea. Lilipong'oka jino lako la kwanza ulikimbia, nikafungua kiganja, ukanipita. Ulikwenda kumwonyesha yeye. Hukumbuki hilo. Mimi nalikumbuka mpaka lilivyokuwa na doa la damu pembeni.

Pale ningeweza kusema, huyu amenipa uhai, acha ampe mwanangu herufi. Nilisema kimoyomoyo amenichukua mke, sasa anachukua mtoto. Mama yako hakuchukuliwa na mtu, naapa. Nilipata kumuuliza juzi, baada ya miaka yote hii, siku ile alicheka nini. Alifikiri sana. Akasema Bonifasi alikuwa amepewa kaptula ya msaada, imeandikwa maneno ya kigeni makalioni, na wao wakawa wanaisoma kinyumenyume. Kwa kaptula hiyo Bi Tekla ana jicho moja.

Shukrani ya punda ni mateke, husemwa, na punda huyo ndiye anayekuandikia. Maana jambo jingine hulijui. Hati yangu hii unayoisifu kwamba imenyooka, nilijifunza pale pale shuleni kwenu, wakati mguu ukipona. Nilikuwa nakaa nyuma kabisa nikijifanya nashona sare. Bonifasi aliniona, akawa anaandika kubwa zaidi, na kila somo analirudia mara ya pili huku anatazama upande wangu. Hakumwambia mtu. Kila mstari uliousoma hadi hapa umepitia mkononi kwake.

Basi kwa nini nilisimama mkutanoni? Nimejiuliza nikiwa nashona, nikachoma kidole. Si kwa ajili ya chama, wala si kwa ajili ya barua zake. Ni kwa sababu alipanda juu ya sanduku na wewe ukatabasamu. Hilo tu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hii nimeishona mwenyewe. Nilitoa neno la kweli, nikalikata pindo. Kwamba aliiacha bunduki ni kweli. Aliiacha ili anibebe.

Jana asubuhi nilikwenda kwake. Nilimkuta anamenya muhogo, daftari lako la bluu liko dirishani, amelikunguta vumbi. Hakuinuka, akanisogezea kigoda.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukunijibu mkutanoni?"

"Ningejibu nini? Niliiacha kweli."

"Ungesema kwa nini."

Akaendelea kumenya. "Hiyo kwa nini ni yako, Abudu, si yangu. Mimi niliibeba tu, kama nilivyokubeba weye. Mzito sana."

Nilitaka kucheka, nikalia. Mbele yake, mwanangu, mtu ambaye nimemwonea kijicho miaka yote hii. Akamenya muhogo mwingine mpaka nikamaliza. Nikamwambia Jumamosi nitasema yote mbele ya brigada. Akaniuliza, "Ntoto anajua?"

"Hajui."

"Anza naye. Akienda na uongo, huko aendako atautumia."

Nimeanza nawe. Jumamosi nitapanda kwenye sanduku lile, na yatakaposomwa maisha yangu nitaomba niyasome mwenyewe. Jina langu litafutwa. Hilo halinitishi kama jicho moja la Bi Tekla litakaponigeukia, kwa kuwa kila asubuhi huniamkia kwa kuniita shujaa. Na mama yako hajui kwamba nilikuwa nyuma ya kichuguu. Atajua leo. Nitakapokupa barua hii nitakaa naye jikoni, na nadhani ugomvi wa sufuria utakwisha, kwa sababu atakuwa na mtu mwingine wa kugombana naye.

Lakini mimi najijua. Nilisema ngoja kidogo nyuma ya kichuguu, na Jumamosi naweza kusema ngoja kidogo. Watu wakinipigia makofi tena sijui miguu yangu itanipeleka wapi, na mguu mmoja ndio huu. Kwa hiyo itunze barua. Ukisikia huko kwamba jina langu limepita, mtumie Bi Tekla asomewe. Nakupa kisu na mpini wake.

Wewe unakwenda kusomea ualimu. Ulipotuambia, mama yako alishangilia, mimi nikauliza kwa nini si uuguzi. Sasa unajua kwa nini niliuliza. Utakaposimama mbele ya ubao utasimama kama yeye, mkono mmoja nyuma, nimeshakuona unavyosimama. Nilitamani uchukue kitu changu. Labda umechukua kimya, na kama ndicho, kiangalie sana, kimenigharimu.

Kesho gari litasimama hapa Mute, mbele ya duka, kisha litapita mlangoni kwa Bonifasi kabla ya kutoka kijijini. Ana wanafunzi watano humo ndani, atakuwa kando ya barabara, ameshika mikono nyuma. Mwambie dereva asimamishe. Shuka. Mwombe daftari lako. Mwamkie shikamoo kama ulivyokuwa ukimwamkia porini, kwa ile sauti yako ya kukimbia. Mimi nitakuwa bado nimesimama dukani na mama yako, na upepo wa asubuhi hutoka upande wake kuja kwetu.

Itaniuma, mwanangu. Mwamkie kwa nguvu, nisikie.

Baba yako,
Abudu